Mstari Wenye Jina la Chaitra

Maziwa yaliisha saa mbili na nusu asubuhi, na mwenye kaunta aliwatangazia wateja kana kwamba wao ndio walioyamwaga. Mgahawa ule wa Gandhi Bazaar hauna viti. Watu hula wamesimama. Siku hiyo mvua iliwaingiza hata wasio na njaa. Watu walibanana, sahani mkononi, miavuli ikichuruzika juu ya viatu vya wenzao. Ilikuwa Jumatatu. Mimi mji huu nimeuzoea mpaka umenichosha, lakini Jumatatu zake sijazizoea.

"Imebaki kahawa moja!" alipaza sauti mwenye kaunta. "Moja tu! Nani?"

Mikono miwili ilinyooka kwa pamoja, kila mmoja na tikiti yake. Mmoja ulikuwa na bangili za kioo za kijani. Wa pili ulikuwa wa mwanamume, kitambaa cha shati kimelowa mpaka kwenye kiwiko.

"Mimi nilitangulia," alisema mwanamke.

"Ulitangulia kufika, dada. Kunyoosha mkono tumenyoosha pamoja."

"Basi chukua wewe. Una shida kuliko mimi. Hata shati umelifunga upande."

Mwanamume alijitazama kifuani. Kweli, kifungo cha juu kilikuwa kimeingia kwenye tundu la pili, na ukosi umesimama upande mmoja kama sikio la mbuzi.

"Gawaneni, msinichoshe!" mwenye kaunta alisema, akaimimina kahawa kwenye bilauri mbili, nusu huku, nusu huku. "Wenzenu wanaoana kwa nusu kikombe hapa, nyie mnagombana. Anayefuata!"

Wakajikuta kwenye meza moja ndefu ya kusimamia, kwa sababu hapakuwa na nyingine. Mwanamke alikuwa Chaitra Bhat, miaka thelathini na minne, amevaa gauni la rangi ya kasuku lililomfika magotini, juu ya suruali nyeupe ambayo matope yalishaitia saini. Nywele zilikuwa bado mbichi, na shada dogo la asumini lilibandikwa haraka haraka, halikukaa sawa. Kwao ni Puttur, kuelekea pwani. Mwanamume alikuwa Pranesh Kulkarni, thelathini na minane, wa Dharwad kule kaskazini, mwembamba, miwani imeingia ukungu. Wote wawili walikuwa na macho ya watu wasiolala vya kutosha.

Chaitra alimwona jamaa hanywi kahawa. Amemkodolea macho mpishi wa dosa, ile mikate myembamba ya kumimina.

"Mbona unamtazama hivyo? Shemeji yako?"

"Namwonea wivu," alijibu Pranesh. "Hebu mtazame. Mtu mmoja, chuma kimoja cha kuchomea, dosa kumi na mbili. Hakuna hata moja anayoisimamia mpaka iive. Anamwaga unga hapa, anageuza ile, anaipua ile ya pembeni. Iliyo tayari inamwita, anaihudumia, anaiacha. Nimeandika programu inayofanya kazi vile vile kwa miaka saba. Tofauti ni kwamba yeye watu wanamshukuru."

Chaitra alicheka, na hakuwa amecheka tangu wiki iliyopita. "Mzunguko wa matukio! Si ungesema mapema, nikakuamkia? Na mimi nakula kwa huohuo. Haya niambie: dosa moja ikigandia, mpishi akasimama kuikwangua?"

"Sote tunakufa njaa."

"Sawasawa. Hujambo, ndugu yangu."

"Sijambo." Alitazama saa, akakunja uso. "Nimechelewa tena. Leo kuna mgeni anaanza kazi kwetu, mwanamke, bosi wangu amemsifu mpaka tumemchukia kabla hatujamwona. Wa Puttur. Unawajua watu wa Puttur? Wanajisikia, hao."

"Nawajua," alisema Chaitra, akamalizia nusu yake ya kahawa na kuiweka bilauri chini. "Twende basi, tusimcheleweshe mgeni. Ndiye mimi."

*

Ofisi yao ilikuwa Jayanagar, ghorofa ya pili, juu ya duka la sari. Walikuwa watu sita na mabasi ya shule sitini na matatu. Kila basi lilikuwa na kifaa cha kutuma taarifa: nimefika hapa, nimekwama pale, nimepita njia nyingine. Programu ilizipokea, ikawaarifu wazazi kwenye simu zao watoke kumpokea mtoto saa ngapi. Basi.

Mtambo wote huo ulikuwa na mtumishi mmoja tu ndani yake, ule mzunguko. Huchukua tukio moja, hulishughulikia, huchukua lingine. Sheria yake ni moja: usisimame. Kama kuna jibu la kusubiri kutoka mbali, unaacha agizo kwamba likifika nishtue, kisha unaendelea na linalofuata. Ukisimama wewe, wamesimama wote. Pranesh ndiye aliyeuandika, kwa mkono wake, kwa lugha nyepesi ya kompyuta ambayo hata mwanafunzi anaisoma.

Tatizo ni kwamba aliishi hivyo hivyo. Ukimwuliza jambo, alilipokea kwa adabu, akaliweka foleni, akakwambia, "Niachie, nitakurudia." Mwenye nyumba wake aliachiwa bomba linalovuja. Dada yake aliachiwa tarehe ya harusi ya mpwa wao. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hupenda kusema kesho.

Chaitra alimpenda, na sizunguki katika hilo. Alimpenda kwa sababu ya jinsi alivyosoma kazi yake. Wengine hupitia mistari ya programu ya mwenzao wakitafuta kosa. Pranesh alimwandikia pembeni: *Hapa umeandika vizuri, nimesoma mara mbili.* Ilipofika mara ya nne ya maneno kama hayo, Chaitra alikwenda chooni akajiosha uso kwa maji baridi. Akajiambia, haya, yamenikuta.

Pranesh naye yalimkuta, lakini ofisini walificha. Wakati wa chakula mmoja alishuka ngazini, mwingine akapanda juu ya paa ambako mke wa mwenye jengo alianika pilipili, wakaongea kwa simu kama watu wa nchi mbili.

"Uko wapi, dhahabu yangu?" aliuliza Pranesh.

"Ngazini. Na wewe?"

"Juu, karibu na tangi. Pilipili zinanipigisha chafya."

"Mimi nimeshuka, wewe umepanda. Mapenzi gani haya ya kupishana?"

"Ya ofisini. Umekula?"

"Nimekula wali wa limau. Wewe hujala, nakujua. Pranesh, Mama amepiga. Amenipatia mume, daktari wa meno, wa Mangaluru."

"Daktari wa meno? Ana meno yake mwenyewe?"

"Sitanii mie. Ameleta mpaka picha. Utaongea na Mama lini?"

Pranesh alipiga chafya.

"Niachie nimalize hii shule mpya, dhahabu. Nitakurudia."

"Utanirudia," alisema Chaitra kwa sauti iliyochoka. "Haya. Nenda ule."

Miezi minane ikapita hivyo. Mwanzoni mwa Juni, Chaitra alilifanyia usafi faili kuu la zamani la programu. Watu walioshika faili lile kwa miaka saba walianza mistari yao kila mmoja kwa mtindo wake, huyu nafasi mbili, yule nne. Chaitra akainyoosha yote ikae sawa. Hakubadilisha neno, alipanga nafasi tu. Lakini katika kazi hiyo kuna daftari linaloandika kila mstari uliguswa mwisho na nani. Alipomaliza, mistari elfu mbili ilikuwa na jina lake.

"Umechonga jina kila mahali," Pranesh alimtania kwa simu, "kama vyombo vya bibi harusi. Ukiondoka kwangu utabeba hata masufuria."

"Nani kasema nipo kwako, nikaondoka?"

*

Jumanne moja Pranesh alikuwa Dharwad. Baba yake alitolewa mtoto wa jicho, na kijana wa kumshika mkono ndiye huyo mmoja tu. Huku mjini mvua ilinyesha tangu saa sita mchana. Saa tisa alasiri njia ya chini ya reli ilijaa maji, mabasi yote ya upande wa kusini yakageuza njia, na yote yakatuma taarifa kwa mpigo.

Mzunguko ukasimama.

Ndani ya faili lile kuu kulikuwa na mstari mmoja uliofungua kalenda ya likizo za shule na kuisoma yote, mwanzo mpaka mwisho, papo hapo, bila kuacha agizo lolote. Ulipoandikwa, kalenda ilikuwa ya shule moja. Sasa ilikuwa ya shule zote na marekebisho yao yote, na kila basi lililogeuza njia lilitaka isomwe upya. Kwa dakika arobaini hakuna mzazi aliyepata ujumbe.

Girinagar, mama mmoja mtu mzima aitwaye Rukmini, wa miaka sabini na mmoja, alitoka kumpokea mjukuu wake wa darasa la kwanza saa ile ile ya siku zote. Alisimama kwenye ngazi za duka lililofungwa, mvua inampiga, karibu saa nzima. Aliona basi linakuja, akateremka kwa haraka, akateleza. Mjukuu alishuka salama. Bibi akavunjika mkono.

Kesho yake asubuhi Bi. Sylvia Lobo, mkuu wa ofisi, aliwaita wote kwenye chumba cha mkutano. Alivaa sari ya kijivu ya pamba, na hakuwa amepaka hata wanja. Mwenye kampuni alikuwa amempigia mara tano tangu alfajiri, akitaka jina la aliyekosea. Simu ya Bi. Lobo iliwekwa katikati ya meza, na upande wa pili alikuwa Pranesh, ndani ya treni, anarudi na baba yake.

Ukutani ulionyeshwa ule mstari. Kando yake, jina: Chaitra Bhat, wiki tatu zilizopita.

Bi. Lobo alikuwa ameacha kuandika programu miaka mingi. Hakukumbuka kwamba daftari lile huonyesha aliyegusa mwisho, hata kama alichogusa ni nafasi tupu. Chaitra alikumbuka. Kompyuta yake ilikuwa mapajani. Akaandika amri ya kupuuza nafasi na kutazama chini yake. Jina likatokea: Pranesh Kulkarni, miaka mitano iliyopita.

Angeweza kugeuza kioo kwa Bi. Lobo na yakaisha. Hakugeuza. Alitazama simu iliyo mezani, akasubiri.

"Pranesh, unatusikia?" aliuliza Bi. Lobo. "Huu mstari unaosoma kalenda, unaufahamu?"

Kelele za treni. Muuza chai akipita na wimbo wake.

"Ule wa kalenda?" Sauti yake ilikuja na kupotea. "Niachieni niutazame. Nitawarudia."

Simu ikakatika.

Alijua? Siwafichi, alijua, kama mtu ajuavyo kikohozi chake mwenyewe. Lakini baba yake alikuwa ameegemea bega lake na bandeji jichoni, yeye mwenyewe alikuwa hajalala siku mbili, na alikuwa na mawazo yake. Desturi ya kazi yao ni kwamba kosa kubwa likitokea huandikwa ripoti Ijumaa, inayoeleza kilichovunjika bila kumtaja mtu. Ataiandika yeye. Ataeleza yote. Hakujua kwamba desturi hiyo ilikufa asubuhi ile ile, chumbani mule, na kwamba jina lililokuwa ukutani halikuwa lake.

Chaitra alifunga kompyuta.

"Hilo jina ni langu," alisema.

"Nasikitika, Chaitra," alisema Bi. Lobo, na kweli alisikitika. "Familia inataka barua ya kuomba radhi, na sahihi ya aliyefanya. Nimeshaiandika, tia sahihi tu."

"Hiyo sitii sahihi. Nitaandika yangu."

Aliandika mistari mitatu ya kuacha kazi, akachukua mwavuli, kikombe chake, na kalenda ndogo ya meza aliyopewa na Pranesh. Alipofika ngazini alirudi na kalenda, akaiweka juu ya meza ya Pranesh, kifudifudi.

*

"Uko wapi, dhahabu? Nimefika. Baba amelala."

"Usiniite dhahabu."

"Ala! Kuna nini?"

"Kaulize ofisini."

Ndiyo simu pekee aliyopokea Chaitra. Zilizofuata ishirini na mbili ziliita mpaka zikachoka.

Alhamisi asubuhi Pranesh alikuta meza ya Chaitra tupu. Jirani yake, Imtiaz, mjaribu programu, mtu wa mzaha asubuhi hadi jioni, hakuwa na mzaha hata mmoja.

"Kaacha kazi, kaka."

"Kaacha vipi? Kwa lipi?"

"Kwa mstari wako."

Pranesh alikaa kitako.

"Ukutani palikuwa na jina lake," Imtiaz aliendelea. "Alipopanga zile nafasi, umesahau? Lakini mimi nilikaa ubavuni kwake. Kwenye kioo chake niliona jina lako, lote, na tarehe. Alilitazama. Halafu akaitazama simu mpaka uliposema utaturudia. Akafunga."

"Alijua, na hakusema?"

"Alijua."

"Na wewe? Mbona hukusema, Imtiaz?"

"Wallahi nilikuwa nasubiri useme wewe," alisema Imtiaz. "Kaka, chumba kizima kilikuwa kinakusubiri."

Pranesh aliona aibu, aibu ya kweli. Miezi minane alidhani anamcheleweshea Chaitra majibu tu. Kumbe alikuwa anamwacha peke yake, na mara hii alimwacha mbele za watu.

Aliingia kwa Bi. Lobo bila kubisha hodi.

"Mstari ni wangu. Chaitra alipanga nafasi tu. Nilijua jana uliponiuliza."

Bi. Lobo alivua miwani, akayafikicha macho. "Nimeshampa mwenye kampuni jina moja, Pranesh. Unataka nimpe la pili?"

"Futa la kwanza."

"Jana lilikuwa neno moja. Leo ni barua tatu na mtu mzuri ameondoka."

"Najua."

"Unajua," alisema Bi. Lobo. "Ninyi mafundi mnajua kila kitu, ila saa ya kukisema." Akasukuma barua ya radhi mbele yake. "Tia sahihi."

Alitia. Aliurekebisha ule mstari, kazi ya dakika nane, kisha badala ya kuituma barua kwa tarishi akaipeleka Girinagar mwenyewe. Alimkuta Bibi Rukmini barazani, mkono kwenye plasta, anachambua mchicha kwa mkono mmoja na kuilaani plasta kwa kinywa.

"Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Ndiye, Bibi. Naomba radhi. Kosa ni langu."

"Yule mama aliyepiga simu alisema ni binti."

"Si binti. Ni mimi."

Bibi alimtazama kuanzia viatu. "Na huyo binti aliyesingiziwa yuko wapi?"

"Amekasirika. Hapokei simu zangu."

"Sasa kwangu umekaa kufanya nini?" Bibi Rukmini alimrushia bua la mchicha. "Huu ni mfupa, utaunga wenyewe. Ondoka, uende!"

*

Ijumaa alikwenda kwa Chaitra, akaambiwa hayupo. Jumamosi saa tano asubuhi alikwenda tena. Chaitra alipanga chumba kwenye nyumba ya wanawake tu, mtaa wa nyuma ya soko, kwa mjane aitwaye Anti Sarojamma. Geti lilikuwa na kibao: mwanamume haingii, hata akiwa fundi umeme. Anti mwenyewe alikaa dirishani kuhakikisha.

Chaitra alitoka amevaa dera la nyumbani lenye maua yaliyopauka, na mtandio ametupia mabegani kwa ajili ya heshima ya barabarani. Nywele hazikutiwa mafuta. Kope zilikuwa zimevimba. Alisimama ndani ya geti, mkono juu ya komeo, hakulifungua.

"Nimesikia," alisema. "Bi. Lobo ameniandikia. Jina langu limesafishwa. Asante."

"Chaitra..."

"Amenirudisha kazini pia. Nimekataa. Nimepata kazi Pune, naondoka Jumatano."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Umeshamwomba Lobo, umemwomba bibi wa watu. Mimi wa tatu. Nimezoea kuwa wa tatu."

Hilo lilimwingia. Alishika nondo za geti.

"Kwa nini hukusema? Ulikuwa na jina langu mkononi."

"Nikuseme mimi?" Sauti ya Chaitra ilipanda, na dirishani pazia likatikisika. "Nikuseme mbele ya watu, Pranesh, mimi? Nilitaka useme mwenyewe. Nilikaa pale namwomba Mungu, naomba aseme. Sikujali kazi, kazi zipo. Nilitaka kuona, nikiwa taabani na uko karibu, je, utanijibu? Ukasema utaturudia."

"Nilidhani Ijumaa..."

"Wewe Ijumaa yako haifiki! Nimechoka. Si hasira tena hii, nimechoka tu. Nilikuwa nalala nikikusubiri, naamka nikikusubiri. Mama akiniuliza nimemlilia nani siku tatu hizi, sina hata jina la kumpa, maana huyo mtu hajawahi kujitaja."

Mvua ndogo ilianza kudondoka, na Pranesh hakuwa na mwavuli.

"Nipe namba ya Mama," alisema.

"Ya nini?"

"Nimpigie."

"Lini?"

Akafungua mdomo. Mimi ningekuwepo ningemfunika kwa kiganja, maana nilijua kinachokuja. Na yeye alijua. Akaufunga, akatoa simu mfukoni.

"Sasa hivi. Taja."

Chaitra alitaja namba, tarakimu moja moja, akimtazama usoni kama anayengoja kumkamata. Simu ikaita. Pranesh akaiweka sauti juu.

"Nani?" Sauti ya mwanamke, na nyuma yake sufuria la mvuke likipiga filimbi. "Subiri nipunguze moto. Haya, nani?"

"Shikamoo, Mama. Naitwa Pranesh Kulkarni. Nilikuwa nafanya kazi na Chaitra."

"Aa, kazini! Afadhali umepiga. Wewe unaweza kunisaidia, baba. Mwanangu analia siku tatu, simu hashiki vizuri, nikimwuliza hasemi. Kuna mtu huko kamfanyia ubaya. Ni nani aliyemliza mwanangu?"

Chaitra alikuwa ameuma mtandio.

"Ni mimi, Mama," alisema Pranesh.

Filimbi ilipiga mara nyingine, ndefu.

"Wewe?"

"Mimi. Kosa lilikuwa langu, akalibeba yeye, nami niliweza kusema nikanyamaza. Na kabla ya hapo nimemzungusha miezi minane, kwa sababu nampenda na nilikuwa naogopa kukupigia."

"Kwa hiyo umenipigia kuniambia hayo?"

"Hayo, na kuomba mkono wake. Kama yeye mwenyewe atakubali. Bado sijamwuliza, nimeanza na wewe, sijui kama nimekosea."

"Lo!" alisema mama wa Chaitra. "Nimeona wa kuposa kwa nazi, nimeona wa kuposa kwa sari. Wa kuposa kwa kuungama, leo. Yule daktari wa meno angalau alikuja na picha."

"Mimi picha nzuri sina, Mama."

"Njoo Jumapili."

"Nije na nani?"

"Na masikio. Nina maneno yako mengi." Na akakata, kwa sababu wali ulikuwa unaungua.

Chaitra alikuwa analia tena, lakini kilio cha namna nyingine, cha mtu aliyetuliwa mzigo akaona mabega yanamuuma.

"Pune naenda," alisema. "Ile kazi nimeipata kwa jina langu, siiachi."

"Nenda. Dharwad ni katikati. Nitakuja kila wiki, mpaka na mimi nipate kazi huko."

"Sijakujibu lakini. Hujaniuliza."

"Utakubali kuolewa na mimi, Chaitra?"

Chaitra alivuta komeo, geti likalia kwa kutu, akamshika Pranesh kwa ule mkono wa shati uliolowa na kumvuta ndani.

"Wewe binti!" Dirisha lilifunguka kwa kishindo na Anti Sarojamma akachomoza kichwa. "Umelewa? Mwanamume haingii humu!"

"Huyu si mwanamume, Anti," alisema Chaitra, akijifuta pua kwa mtandio. "Huyu ni mchumba wangu."